Chakula cha mbwa cha kupima kwa kilo: mbwa wangu kageuka manjano, nani kakutana na hili?

#1 Kifaru wa Goba (Jumamosi, saa 3:12 usiku)
Wakuu salaam. Nina mbwa wawili, Shaba na Kipara. Nawalisha kile chakula kikavu cha mfuko, ila sinunui mfuko mzima, napimiwa kilo tano tano kwenye duka la pembejeo. Nyumbani nachanganya na pumba ya mahindi iliyochemshwa na dagaa ili kisiishe haraka, bei mnazijua.

Jumatatu nilikuta muuzaji kafungua gunia jipya. Sikuona tofauti, labda harufu kidogo kama ya stoo. Alhamisi Shaba akagoma kula. Huyu ni mbwa aliyewahi kula kandambili ya mgeni, leo anatazama bakuli kama linamdai. Ijumaa katapika mara nne, mkojo rangi ya chai ya rangi. Leo nimemfunua mdomo: fizi manjano kama kapakwa binzari. Macho vilevile. Kipara yuko fiti, anabwekea bodaboda.

Daktari kaja, kachoma sindano, kachukua damu, majibu Jumatatu. Kauliza chakula, nikamwambia, akatikisa kichwa tu.

Maswali mawili. Kuna aliyepata shida na chakula cha mfuko siku hizi? Na kikitoka kibovu kiwandani, sisi wa kupima kwa kilo tunajulishwa na nani? Wenzetu nje nasikia hutangaziwa "rudisheni mzigo wenye namba fulani".

#2 Njoo Kesho
Mbwa anakula vidonge vya mfuko na dagaa, mimi jana nimelala na chai na mkate. Ngoja nikae hapa nisome, pole lakini.

#3 Kichwa Ngumu
Hapo hakuna chakula wala nini. Mbwa wa Dar akigeuka manjano ni kupe. Kupe wanaingiza vidudu kwenye damu, damu inapasuka, mkojo unakuwa wa chai. Nimezika wawili kwa ugonjwa huohuo, chakula chao kilikuwa ugali wa kawaida. Umemwogesha dawa lini?

#4 Mama Paka Wanne
Pole sana mwanangu. Mimi niko Mombasa, ni mtu wa paka, mbwa siwajui sana. Lakini manjano ni ini, iwe paka iwe mtu. Nakuomba kitu kimoja: usimpe Panadol. Watu wengi wakiona mnyama ana homa wanakimbilia Panadol. Paka nusu kidonge tu kinamuua.

#5 Kifaru wa Goba
Asanteni. @Kichwa Ngumu, nimewaogesha dawa ya kupe wiki tatu zilizopita, wote siku moja. Wanalala banda moja. Kama ni kupe kwa nini Kipara hana?

#6 Kichwa Ngumu
Na kama ni chakula kwa nini Kipara hana? Si wanakula chakula kimoja?

#7 Njoo Kesho
Goli hilo.

#8 Daktari Pori
Mimi ni afisa mifugo wilayani, wengi hapa mnanifahamu. Kifaru, mwenzangu aliyechukua damu amefanya sawa, msubirini.

Wakati mnabishana ongezeni la tatu: homa ya mgunda. Mnakumbuka Ruangwa kule Lindi, Julai 2022, watu walitoka damu puani, taharuki nchi nzima, Wizara ya Afya ikaja kusema ni leptospirosisi? Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Mbwa naye anaupata, na dalili zake ni hizohizo ulizoandika: kutapika, fizi manjano, mkojo mweusi. Unaenezwa na mkojo wa panya. Stoo ya chakula yenye panya inatosha kabisa.

Kwa hiyo mpaka majibu yaje, usiguse mkojo wa huyo mbwa kwa mikono mitupu. Vaa glavu, mwaga dawa ya kufulia yenye klorini, watoto wakae mbali. Chanjo uliyomchoma ni ipi? Watu wengi wanachoma ya kichaa pekee wanadhani wamemaliza.

#9 Kifaru wa Goba
Ya kichaa pekee, dokta. Nimekwisha.

#10 Muuza Pumba
Nauza chakula cha mifugo mwaka wa kumi na moja sasa, Mbagala. Kila mbwa akiharisha lawama kwa muuzaji. Gunia moja linapimiwa watu thelathini. Kama lingekuwa na sumu ningeshafungiwa duka. Mwulize muuzaji wako kama kuna mteja mwingine kalalamika, ndipo uje kufungua uzi wa kutuharibia biashara.

#11 Mzee Kobe
Vijana, mnaongea kama jambo hili limeanza juzi. Mwaka 1977 kuingia 1978 nilikuwa Nairobi, kijana wa kazi za nyumbani. Mbwa walikufa wengi, na kuku, Nairobi, Mombasa mpaka Eldoret. Bwana niliyemfanyia kazi alikuwa na mbwa watatu wa ulinzi, wakaondoka wote ndani ya wiki mbili. Tulisema majirani wametega sumu. Baadaye ikaja kuandikwa na wataalamu wa mifugo wa Kenya kuwa ni ukungu kwenye chakula kilichohifadhiwa vibaya.

Na kabla ya hapo, 1960, bata wadogo 14,000 walikufa Bonde la Ufa kwa mashudu ya karanga. Mwaka huohuo Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja. Ndipo dunia ikaanza kuijua hii sumu ya ukungu, aflatoksini.

Kwa hiyo ndugu Muuza Pumba, kutofungiwa duka si ushahidi wa chochote.

#12 Kichwa Ngumu
Sawa mzee, tuseme ni ukungu. Dawa yake si kuchemsha? Yeye pumba anaichemsha. Ukungu gani unapona kwenye sufuria?

#13 Sista Maabara
Salaam. Hapo kwenye kuchemsha ndipo watu wengi wanapoumia, ngoja niseme.

Kuvu anakufa ukimchemsha. Sumu aliyoiacha haifi. Hiyo sumukuvu inahimili joto la jikoni lolote, ugali, uji, makande, hata kukaanga inapunguza kidogo tu. Kuanika juani vilevile, unakausha kuvu, sumu inabaki. Halafu haionekani. Mahindi yenye ukungu wa kijani utayatupa, lakini yaliyokwisha kusagwa utayajuaje?

Kuhusu pumba: kuvu hushambulia zaidi ganda na kiini cha punje. Ukikoboa, sembe inatoka na sumu pungufu, pumba inabaki nayo nyingi. Yaani sisi tunakula sehemu safi, mbwa na kuku tunawapa ile iliyobeba mzigo.

Na swali la Kipara (#6) lina jibu. Sumu haisambai sawa ndani ya gunia. Inakaa kwa mafungu, punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Bakuli la huyu linaweza kuwa nayo, la yule lisiwe nayo. Ndiyo maana kupima gunia kwa kiganja kimoja kilichochotwa juu ni kujidanganya, unachota sehemu nyingi, juu, kati na chini, unachanganya ndipo unapima.

Sisemi kwamba ndicho kilichompata Shaba. Nasema tu kwamba "mwenzake mzima" hakufuti kesi.

#14 Mkamba Halisi
Nasoma hii kutoka Makueni, na hapa mkisema sumukuvu hatucheki. Mwaka 2004 tulizika watu 125, wagonjwa 317, Makueni na Kitui ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Mahindi yalivunwa yakiwa mabichi, yakawekwa ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Macho manjano, tumbo limevimba, mtu ameenda. Nilikuwa darasa la sita. Mbwa wetu alikufa kabla ya shangazi, na hakuna aliyeunganisha hizo habari mbili. Nimeziunganisha leo nikimsoma Mzee Kobe.

Baadaye 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ikapiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyohiyo. Ya binadamu hiyo, ikatangazwa kwenye runinga. Ya mbwa sijawahi kusikia ikitangazwa hata siku moja.

#15 Njoo Kesho
@Mkamba pole sana kaka. Nilikuja kuleta utani, nimeufunga.

#16 Daktari Pori
Kwetu pia, 2016, Dodoma na Manyara. Watu 20 walifariki. Nilitumwa Chemba kwenye timu ya mifugo. Kitu ambacho sikusahau: kwenye kaya zile ukiuliza "mbwa wenu wako wapi", unaambiwa "walikufa, ugonjwa wa mbwa tu".

#17 Binti Reading
Hamjambo, niko Uingereza, najibu lile swali la pili la kutangaziwa.

Tunatangaziwa, ndiyo. Ila msidhani kutangaziwa ndiyo kujua. Mwaka 2021 paka huku walianza kufa, mwili unaacha kutengeneza damu kabisa, chembe zote zinashuka, wanatoka damu ndani kwa ndani. Chuo cha mifugo cha London kikakusanya taarifa za paka zaidi ya 500, na zaidi ya nusu walikufa. Tarehe 17 Juni kiwanda kimoja kikaondoa sokoni chakula kikavu cha paka cha aina kadhaa. Nilikuwa na paka wa kuokota, Mchele, na mfuko mmoja wenye namba zilizotajwa ulikuwa kabatini, umebaki robo. Nilikaa sakafuni nikisoma zile namba mara tatu.

Mchele hakuumwa. Wa jirani yangu aliumwa na alikufa, na yeye alikuwa akila aina nyingine ambayo haikutajwa.

Na chanzo? Walikuta sumu za kuvu ziitwazo T-2 na HT-2 kwenye baadhi ya vyakula. Lakini mamlaka ya chakula haikuthibitisha kwamba ndizo zilizoua. Mpaka leo imebaki hivyo.

#18 Mama Paka Wanne
Mchele, jina zuri. Wangu ni Kaimati, Mahamri, Mbaazi na Bwana Harusi.

Mimi kwa hofu hizo nimeacha vya duka, nawapa samaki wabichi kutoka Forodhani, ninanunua asubuhi. Hapo niko salama au?

#19 Daktari Pori
Mama, samaki mbichi kila siku bila kitu kingine si salama hivyo. Kuna samaki wenye kitu kinachoharibu vitamini B1. Paka akila hao wabichi kwa wiki kadhaa anaanza kuyumba, shingo inapinda chini, mwisho degedege. Kuchemsha kunakiua kitu hicho, tofauti na ile sumukuvu. Wapikie kidogo tu, na wabadilishie mara kwa mara.

#20 Mama Paka Wanne
Bwana Harusi anayumba tangu zamani lakini yeye ni mvivu. Nitawapikia.

#21 Kichwa Ngumu
Mnazunguka kuvu kuvu, mmesahau Wachina. 2007 si waliua mbwa Marekani nzima kwa plastiki kwenye chakula? Hivi vya mfuko vingi malighafi inatoka wapi? Mimi naona Kifaru achunguze figo, si ini.

#22 Sista Maabara
Umechanganya kidogo, ila umegusa jambo.

Haikuwa plastiki, ilikuwa melamini, kemikali inayotumika kutengenezea sahani ngumu, labda ndiyo maana umesikia plastiki. Unga wa protini ya ngano kutoka China uliwekewa melamini kwa sababu kipimo cha kawaida cha protini hakipimi protini, kinapima naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni. Unga dhaifu ukaonekana bora. Kiwanda cha Menu Foods cha Kanada kikatangaza kuurudisha mzigo tarehe 16 Machi 2007, mikebe na vifuko zaidi ya milioni 60, na majina yaliyokuwa kwenye lebo zaidi ya mia moja. Watu walidhani wanachagua kati ya chapa tofauti, kumbe ni jungu moja. Malalamiko yalikuja kwa maelfu, vifo vilivyothibitishwa rasmi mwanzoni havikufika ishirini. Mwaka uliofuata kemikali hiyohiyo ikakutwa kwenye maziwa ya watoto huko China, na watoto sita walikufa.

Sasa sikia sehemu inayonisumbua. 2004 mbwa wa nchi kadhaa za Asia walikufa kwa figo. Chakula kikaondolewa sokoni, na kilicholaumiwa ni kuvu. Kesi ikafungwa. 2007 watafiti walipotoa tena vipande vya figo za 2004 wakakuta fuwele zilezile za melamini. Kuvu alibebeshwa kosa la mtu kwa miaka mitatu. Kwa hiyo mimi mwenyewe niliyewahubiria kuvu kule juu, msinibebe moja kwa moja.

Na figo hazileti manjano ya namna hii, Kichwa Ngumu. Ini au damu.

#23 Kichwa Ngumu
Damu. Kupe. Asante kwa kunirudisha.

#24 Kifaru wa Goba (Jumapili, saa 1:40 asubuhi)
Kaamka. Kanywa maji ya chumvi na sukari kwa bomba la sindano, hajatapika.

Wakuu, nina la kusema na mnisamehe. Mama Paka ulipoandika #4 nilinyamaza. Alhamisi usiku alikuwa wa moto, nikampa Panadol. Vidonge viwili. Ijumaa asubuhi viwili tena.

#25 Daktari Pori
Mkuu. Mwambie daktari wako SASA HIVI, usisubiri Jumatatu, mpigie. Dawa hiyo inaunguza ini la mbwa, na ina dawa yake ya kuituliza ikiwahiwa. Ana kilo ngapi?

#26 Kifaru wa Goba
Ishirini na mbili. Nimempigia, anakuja.

#27 Muuza Pumba
Sina furaha mbwa akiumwa. Lakini wote mliokuwa mnalichinja gunia langu tangu jana, mmesoma #24?

#28 Mkamba Halisi
Alianza kukataa chakula kabla ya Panadol bwana. Soma mpangilio: Alhamisi kagoma kula, Alhamisi usiku ndipo Panadol. Kitu kilikuwa kimeshaanza.

#29 Mwali wa Lushoto
Jamani hakuna aliyeuliza vitunguu. Sisi nyumbani tulikuwa tunampa mbwa makombo ya pilau na tukimsagia kitunguu saumu, eti kinaua minyoo na kufukuza kupe. Kumbe vitunguu vya aina zote vinapasua damu ya mbwa. Wetu alikojoa chai ya rangi hivyohivyo baada ya maulidi, makombo ya sufuria mbili. Kifaru, kulikuwa na shughuli mtaani?

#30 Kifaru wa Goba
Kulikuwa na kipaimara nyumba ya tatu, Jumapili iliyotangulia. Shaba anaruka ukuta, Kipara hawezi, ana mguu mfupi.

#31 Njoo Kesho
Naweka hesabu maana nimepotea: kupe, panya, kuvu, Panadol, pilau. Bado mchawi tu na bajeti.

#32 Mzee Kobe
Mchawi mwacheni, mna washukiwa wa kutosha. Kifaru, nijibu neno moja. Jirani yako yeyote anafuga bata?

#33 Kifaru wa Goba
Anafuga, mzee. Kwa nini?

#34 Mzee Kobe
Bata ndiye anayetangulia. Bata mdogo hahimili hiyo sumu hata kidogo. Mwulize habari zao, na pumba ananunua mashine gani.

#35 Kifaru wa Goba (Jumatatu, saa 11 jioni)
Nimerudi. Kwanza majibu. Vidudu vya kupe havijaonekana kwenye darubini. Vimeng'enya vya ini viko juu mno. Vigandishadamu vimeshuka. Homa ya mgunda hawana kipimo pale, lakini kaanza kumpa dawa ya bakteria ya kuiua, pamoja na dripu na ile ya kutuliza Panadol.

Pili, bata. Mzee Kobe umenitisha. Jirani kapoteza bata watano wadogo mwezi uliopita. Walisema kideri. Pumba anachukua mashine ileile ninayochukua mimi.

#36 Daktari Pori
Kideri kinaua kuku. Bata hukibeba, mara chache sana humwua. Kuku wake walikuwaje?

#37 Kifaru wa Goba
Kuku wazima. Nimeuliza mara mbili.

#38 Sista Maabara
Basi una vyakula viwili vya kushukiwa, si kimoja. Umekuwa ukichanganya vidonge vya gunia na pumba. Chukua vyote viwili kando kando, mifuko mikavu ya karatasi si nailoni, nailoni inatunza unyevu na kuvu anaendelea kukua njiani. Peleka maabara ya mifugo, Temeke Veterinari pale, waulize gharama kabla. Ukipata namba, linganisha: Marekani kikomo cha aflatoksini kwenye chakula cha mbwa ni mikrogramu 20 kwa kilo. Mahindi ya binadamu Afrika Mashariki, 10. Kule Marekani mwishoni mwa 2020 kuna chakula cha mbwa kiliondolewa sokoni, kipimo cha juu kilifika 558. Mbwa zaidi ya 110 walikufa. Mahindi hayohayo, si kitu cha ajabu.

#39 Kichwa Ngumu
Darubini kutoona vidudu haina maana havipo. Vinajificha. Naomba iandikwe.

#40 Kalamu ya Tegeta
Hakuna aliyejibu swali la pili la Kifaru kwa upande wa hapa. Niliwahi kufanya kazi ya kuingiza bidhaa bandarini, nitasema ninachokijua.

Zamani chakula cha binadamu kilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Tangu 2019 kikahamia TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabaki TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Chakula cha mifugo kina sheria yake ya mwaka 2010, ya nyanda za malisho na vyakula vya mifugo, iko wizara ya mifugo. Mbwa wako kisheria anaangukia huko, pamoja na ng'ombe na kuku.

Lakini shida yako si ofisi. Tuseme kesho kiwanda kinatangaza kwamba mzigo wa namba fulani una kasoro. Namba iko wapi? Kwenye gunia. Gunia liko wapi? Dukani, limekunjwa mdomo, au limeshauzwa la kubebea mkaa. Wewe una mfuko wa rambo usio na herufi hata moja. Tangazo likisomwa hata na muadhini, haliwezi kukuhusu, maana hujui ulikula namba gani. Binti Reading alikaa sakafuni akasoma namba mara tatu. Wewe ungesoma nini?

#41 Binti Reading
Hapo umenigusa. Na niongeze, hata wenye namba wanakwama. Marekani wana kesi ya vitafunio vya nyama kavu vya mbwa kutoka China tangu 2007. Hadi 2014 walishapokea taarifa za mbwa zaidi ya 5,000, zaidi ya 1,000 wamekufa, wamepima kila kitu wanachokijua, chanzo hakijathibitishwa. Namba zote walikuwa nazo.

#42 Muuza Pumba
@Kalamu hilo la namba nakubali, limeniingia. Kuanzia leo nakata kile kipande cha lebo nakibandika kwenye ndoo. Lakini nanyi mkubali: mkija kupima kilo mbili mbili sababu ya bei, mfuko wa kilo ishirini nitamuuzia nani? Na gunia likikaa wazi wiki tatu msimu wa masika Mbagala, unyevu ule, hata kiwanda kitakatifu hakina kosa.

#43 Njoo Kesho
"Kiwanda kitakatifu" nimechukua.

#44 Mbwa Mkali Tz
Wakuu nauza watoto wa mchungaji wa Kijerumani, wazazi wote wapo, Kimara Temboni. Bei PM.

#45 Njoo Kesho
Wanakula nini?

#46 Mbwa Mkali Tz
Chakula cha mfuko.

#47 Njoo Kesho
Bado unapajua mlango ulioingilia?

#48 Kifaru wa Goba (Jumatano, saa 2:05 usiku)
Shaba kala yai moja na wali kidogo. Fizi bado manjano ila si ya juzi. Anatingisha mkia akisikia bodaboda, hajainuka. Daktari hasemi kitu, anasema "tuendelee".

Sampuli zimekwenda, za pumba na za vidonge, nasubiri. Nimemwuliza daktari, akipona ni kwa sababu ya dawa ya bakteria, au ya Panadol, au kwa kuwa hajala kile chakula siku sita? Kacheka. Kasema mbwa akipona huwa haandiki ripoti.

#49 Kichwa Ngumu
Na kama ni kupe, sindano ya kwanza ile ya Jumamosi ilikuwa ya nini? Kamwulize.

#50 Kifaru wa Goba
Nimemwuliza. Ilikuwa ya kupe. 😩

#51 Kichwa Ngumu
Sina maneno zaidi.

#52 Sista Maabara
Huwezi kutengua vipimo ambavyo havikuchukuliwa, Kichwa Ngumu. Tulia.

#53 Kalamu ya Tegeta
Gunia ulilifuata dukani?

#54 Kifaru wa Goba (Alhamisi, saa 7 mchana)
Nimetoka huko sasa hivi. Vidonge vya gunia lile vimekwisha, ndoo ina vya gunia jipya, vimemwagwa juu ya vumbi la vile vya zamani. Wateja wengine hakuna aliyelalamika, anasema, ila mmoja "hajaonekana siku nyingi". Gunia lenyewe tumelipata nyuma ya duka, limefunika mifuko ya saruji. Jina la kiwanda linasomeka. Ile kona yenye tarehe na namba imetafunwa na panya.

#55 Daktari Pori
Panya? Mkuu, rudi #8 uisome taratibu. Na hizo glavu bado unavaa?

#56 Mzee Kobe
Mwulize muuzaji kama hao panya wako hai.